Marehemu wa Saa Kumi na Robo

Leo, Ijumaa tarehe 29 Juni 1979, saa sita kamili mchana, Bwana Dismas Chilekwa, Mpanga Ratiba wa Redio Kafubu hapa Ndola, amekabidhi penseli yake nyekundu na ufunguo wa kabati la santuri. Alianza kazi tarehe 2 Februari 1948. Ametumikia miaka thelathini na mmoja na karibu miezi mitano, na katika muda wote huo amefariki mara moja tu. Hata hiyo mara moja alirudi kazini kesho yake.

Kamati ya sherehe ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu, wengi walitaja majina ya watu wenye Kiswahili laini na heshima. Bwana Chilekwa mwenyewe akasema, “Mpeni Soko. Mngoni ndiye anayemzika Mbemba, hata kama anayezikwa anakwenda pensheni.” Basi kazi ikaniangukia mimi, Zakeyo Soko wa Idara ya Barua. Wasomaji wageni wajue kwamba Wabemba na Wangoni ni watani tangu babu zetu walipochoka kupigana mikuki wakaamua kupigana maneno. Yeye huniita mla panya mbele ya wakubwa, nami humwita mla tumbili mbele ya wakwe zake, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Msibani mtani hulia kwa kejeli, na ndiye anayesukuma jeneza na kuwachekesha wafiwa. Kwa hiyo yakitokea matusi humu ndani, yapokewe kwa mila.

Lakini nina jambo lingine la kusema, ambalo si utani, na nimelibeba miaka ishirini na sita. Ndani ya faili la Bwana Chilekwa mna barua moja ya onyo. Barua hiyo ndiyo sababu mtu aliyewafundisha kazi Wakuu wa Vipindi watatu hakuwa Mkuu wa Vipindi hata siku moja. Barua hiyo imeandikwa kwa mtu asiyehusika. Nitaifikia, ila kwanza nimsifu kidogo, maana nikianza na ubaya atasema Wangoni hatuna adabu ya kuketi.

Vijana wanaofanya kazi leo kwenye studio zenye zulia hawajui kituo hiki kilivyoanza. Kilikuwa vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, vimetenganishwa na kioo, kuta zimefunikwa mablanketi ya mgodini ili sauti zisirudi. Tulikuwa hewani saa tatu tu kwa siku, kuanzia saa kumi alasiri hadi saa moja. Paa lilikuwa la bati. Mvua ikinyesha, msomaji wa habari alionekana kufumbua mdomo tu kama samaki. Tena kila siku, saa kumi na moja kasoro dakika saba, kichwa cha treni kilikuja kupanga mabehewa ya shaba na kupiga honi mara tatu.

Wazungu wetu waliona hayo ni matatizo ya ujenzi. Bwana Chilekwa aliona ni ya ratiba. Alikaa wiki nzima dirishani akiwa na saa ya mfukoni, akaandika treni inakuja lini na mvua inaanza lini, kisha akatunga kile tulichokuja kukiita Karatasi ya Siku. Katika karatasi hiyo, saa kumi na moja kasoro dakika nane palikuwa na ngoma za kijijini, zile kubwa, ili honi ipigiwe ndani yake. Wako wasikilizaji wa Luwingu ambao hadi leo wanaamini ngoma ile ina pembe. Miezi ya masika, mazungumzo yote yalipelekwa mwanzoni kabla mvua haijafika, na pembeni aliandika kwa penseli nyekundu: “Bati likilia, piga tarumbeta.” Bati lilipolia, tulipiga tarumbeta. Kipindi cha afya ya watoto wachanga kilikatizwa na bendi ya polisi mara nyingi sana mwaka ule wa 1951.

Karatasi ya Siku ilikuwa na kanuni kumi na mbili, zimebandikwa ukutani. Ya kwanza kila mfanyakazi aliijua hata usingizini: kilichoandikwa kinasomwa, kisichoandikwa hakisomwi. Ya nne ilihusu matangazo ya misiba, ambayo yalikwenda hewani kila siku saa kumi na robo, na ambayo ndiyo hasa yaliyowafanya watu wa vijijini wachange wanunue redio. Kanuni hiyo ilisema tangazo litaje jina la marehemu, kijiji, mama yake na wajomba wanaoarifiwa, basi. Sababu ya kifo isisomwe kamwe. Bwana Chilekwa aliitunga baada ya tangazo moja kusema mtu amekufa ghafla baada ya kula kwa shemeji yake, na shemeji akalazimika kuhama wilaya. Kumbukeni kanuni hizo mbili, ya kwanza na ya nne. Alizitunga yeye, na ndizo zilizomuua.

Mimi nilifika Redio Kafubu mwishoni mwa Januari 1953 kutoka kwetu Fort Jameson, mtu mzima wa miaka thelathini, mwalimu niliyechoka chaki. Nilikuwa kwenye miezi ya majaribio. Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa tatu. Siku ya kwanza Bwana Chilekwa alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni, akauliza kwa sauti ili wote wasikie, “Huyu Mngoni amekuja kazini au amefuata panya wa stoo ya barua?” Nikamjibu kwamba panya nimewaacha, nimesikia hapa kuna mtu anauza mikia ya tumbili. Tangu saa ile tulikuwa ndugu.

Mwezi Machi jino likamshika. Akapewa ruhusa ya siku tatu, hadi Alhamisi, akang’olewe hospitali. Mtani wako akiugua, mila inakuruhusu umlie angali hai. Nami Jumanne nikachukua fomu halisi ya tangazo la msiba, nikaijaza kwa herufi kubwa kama kanuni inavyotaka: marehemu Dismas Chilekwa, kijiji cha Kapolyo, mwana wa Elina Kasuba, anaarifiwa mjomba wake Paulo Nkole. Kwenye sababu ya kifo nikaandika: “Amekabwa na mfupa wa tumbili.” Nikaiweka kwenye sinia lake la karatasi, aikute Alhamisi asubuhi acheke kwa upande wa shavu lililobaki. Nilikwenda nyumbani nikicheka peke yangu barabarani.

Nililosahau ni kwamba sinia lile ndilo lililokuwa chanzo cha Karatasi ya Siku. Yeye akiwa hayupo, mtangazaji wa zamu ndiye aliyechukua fomu zote zilizomo. Zamu ya Jumatano ile, tarehe 11 Machi, ilikuwa ya Bi Nalishebo Sililo. Wengi mnamfahamu kama Mama Sililo aliyestaafu mwaka juzi. Wakati huo alikuwa binti wa wiki mbili kazini, Mlozi aliyekulia mgodini Mufulira, anayesema Kibemba cha sokoni bila kukwaruza. Utani wetu sisi hakuujali. Kanuni alizijali sana.

Saa kumi na dakika kumi Bwana Chilekwa akaingia chumba cha mitambo. Jino lilikuwa limeng’olewa siku moja kabla ya wakati, na badala ya kwenda kulala alikuja kuona kama tutachelewesha ngoma. Shavu lilikuwa limevimba, kitambaa kimefungwa kutoka kidevuni hadi utosini, mdomo umejaa pamba. Akasimama nyuma ya kioo. Taa nyekundu ikawaka. Bi Nalishebo akasoma msiba wa kwanza, akasoma wa pili, akafunua karatasi ya tatu, akamtazama Bwana Chilekwa machoni, na kwa ile sauti yake ya upole akatangaza kwamba amefariki.

Alitikisa kichwa. Alikitikisa kwa nguvu hadi kitambaa kikalegea. Akapiga kioo kwa kiganja. Bi Nalishebo akainamisha kichwa kwa heshima, akaruka mstari wa mfupa wa tumbili kama kanuni ya nne inavyoagiza, akamalizia na jina la mjomba, akaweka santuri ya nyimbo za kanisa.

“Sasa wewe ulitaka nifanye nini?” alimwambia baadaye, machozi yanamtoka. “Nimekuona unatikisa kichwa, nikajua unasikitika. Nikasema maskini, kafiwa na somo yake. Majina si yanafanana?”

“Nha ninhyi!” akasema Bwana Chilekwa kupitia pamba. Tulivyoelewa sisi, alikuwa anasema, “Ni mimi!”

Ingekuwa redio ya leo, tungesahihisha papo hapo. Lakini kanuni ya kwanza ilikuwa imeandikwa na marehemu mwenyewe, na kusoma kisichoandikwa kulihitaji saini ya mkuu wa kituo, Bwana Whitlock, aliyekuwa mtoni kuvua samaki. Saini ikapatikana Alhamisi. Alhamisi saa kumi na robo Bi Nalishebo akatangaza kwamba Dismas Chilekwa wa Kapolyo hajafa. Kisha Bwana Chilekwa mwenyewe akasogezwa mbele ya kipaza sauti, mara ya kwanza katika maisha yake, akasema mama usilie, niko salama. Alisema hivyo akiwa na shavu kubwa kama boga.

Yaliyotokea Kapolyo tuliyapata baadaye kwa barua ndefu ya Mwalimu Katongo, mwenye redio pekee kijijini, ile ya duara tuliyoiita sufuria. Tangu Jumatano moto wa matanga ulikuwa unawaka uani kwa Mama Elina, na watu wamelala nje. Mama hakutia kitu mdomoni. Waliposikia tangazo la pili, wazee waliguna. “Jana kafa, leo kafufuka,” akasema mmoja, “hii redio yako mwalimu imekunywa nini?” Na mwanawe aliposema, Mama Elina alisikiliza hadi mwisho, kisha akafunika uso.

“Hiyo si sauti yake,” akasema. “Na hata ingekuwa. Yule mpiga gitaa wa kila Jumanne, si alifukiwa mgodini mwaka juzi? Mbona anaimba? Hawa wanaweka sauti za watu kwenye sahani, halafu mwenye sauti anaoza.”

Alichosema kilikuwa kweli. Sisi wenyewe tulimpiga marehemu yule kila Jumanne saa kumi na nusu na hatukuwahi kulifikiria hilo. Wakamwambia basi angoje, kaka yake Paulo ameshapanda lori kwenda Ndola, atamwona kwa macho na kupiga simu ya maandishi. Akasema Paulo ana moyo laini, atamdanganya ili asife kwa uchungu.

Mjomba Paulo alifika Ijumaa na wanaume wanne, jora la sanda nyeupe, shoka na kikapu cha kuku. Bwana Chilekwa alikuwa kwenye ngazi ya ofisi akinywa uji. Mjomba alimzunguka mara mbili, akambonyeza shavu lililovimba, na mpwa akapiga yowe. “Yupo,” akawaambia wenzake, “maiti hazilalamiki.” Kisha akakaa chini kwenye vumbi akalia kama mtoto. Mimi nilikuwa dirishani na sikuwahi kujichukia kama siku ile.

Jumamosi asubuhi ikaja simu ya maandishi kutoka kwa Mwalimu Katongo. Mama Elina alikuwa na siku ya tatu bila chakula, na hakuweza tena kusimama. Alikuwa amekubali jambo moja. Sahani inasema ilichowekewa, alisema, haijibu swali. Basi aulizwe swali, na ajibu. Swali lilikuwa hili: nani alikula viwavi vya mjomba?

Bwana Chilekwa alisoma karatasi ile akainuka, akakaa, akainuka tena. Mjomba Paulo alikuwa ameketi mlangoni. Nilimwona mtu mzima wa miaka thelathini na miwili akiogopa kipaza sauti kwa sababu mpya kabisa.

Saa kumi na robo ikafika. Alikuwa ameliandika mwenyewe kwenye Karatasi ya Siku, kwa penseli nyekundu: “Jibu kwa Mama.” Bi Nalishebo akasoma swali. Redio haitakiwi kukaa kimya, lakini hakuna aliyegusa santuri.

“Ni mimi, mama,” akasema, na safari hii pamba hazikuwepo. “Nilikuwa na miaka minane. Mjomba alileta kikapu cha viwavi vikavu, kitoweo cha wageni wa chifu. Nikala kimoja, nikala kingine, nikashtukia kikapu kimekwisha. Wewe ukasema ulisahau kufunga ghala, tumbili wakaingia. Mjomba akakugombeza mbele ya wageni, ukanyamaza. Tumbili hawakula hata kimoja. Ni mimi.”

Nyuma ya kioo Mjomba Paulo alisimama taratibu. “Kumbe!” akasema, kwa nguvu iliyopita blanketi zote za mgodini na kwenda hewani. “Miaka ishirini na nne nawinda tumbili wa watu!”

Kapolyo, anaandika Mwalimu Katongo, Mama Elina alipiga mkono pajani akacheka hadi wakamshika asianguke. Akasema sahani gani ina ndugu yangu ndani yake. Kisha akaomba uji.

Hapo ndipo kilipozaliwa kipindi ambacho kila mmoja wetu amekulia kwenye kivuli chake. Ndani ya wiki mbili tulipokea barua mia tatu na zaidi, na mimi ndiye niliyezifungua. Akina mama wa Isoka, wa Petauke, wa Mongu, wote walitaka kitu kimoja: na wangu naye aulizwe. Watoto wao walikuwa wamekwenda migodini wakanyamaza, na wao hawakujua walie au wangoje. Bwana Chilekwa akafuta dakika kumi za mawaidha ya Bwana Whitlock kuhusu usafi wa nyuzi za umeme, akahamishia misiba hapo, na saa kumi na robo akaandika: “Ni Mimi.” Kila siku mfanyakazi mmoja wa mgodini aliletwa studio, akaulizwa swali kutoka kwao ambalo hakuna mwingine anayelijua jibu lake, akajibu. Taifa zima likajua nani aliiba asali, nani alimwogopa bata, nani alijikojolea siku ya kubatizwa. Kipindi hicho hakijakosa siku hata moja kwa miaka ishirini na sita.

Sasa niingie kwenye faili.

Jumatatu baada ya kisa kile Bwana Whitlock alituita wote watano, fomu mkononi, akauliza nani aliandika upuuzi huu. Niliwaza miezi ya majaribio, niliwaza mke wangu na tumbo lake. Nilifumbua mdomo, nawaapia nilifumbua, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya Bwana Chilekwa. “Mimi, Bwana. Nilikuwa najaribu fomu.” Akaandikiwa barua ya onyo kali, kwamba ni mtu asiyeaminika kukabidhiwa uongozi wa matangazo.

Nilimfuata nje nikamuuliza kwa nini amefanya vile.

“Wewe una mimba nyumbani, mimi nina jino tu,” akasema. “Halafu wakikurudisha Fort Jameson kula panya, nikifa kweli nani atanizika vizuri?”

Mwaka 1957 nafasi ya Mkuu wa Vipindi ilifunguliwa kwa Waafrika, na faili likafunguliwa nayo. Wakampa mtu kutoka nje aliyekuwa hajui treni inapita saa ngapi. Mwaka 1965 tulikuwa tumeshapata uhuru, bendera mpya inapepea, lakini faili halijui uhuru. Barua ikasomwa tena, na nafasi ikaenda kwa kijana ambaye Bwana Chilekwa alimfundisha kushika sindano ya santuri. Jioni hiyo nilimwambia nakwenda kusema ukweli.

“Usithubutu, mla panya,” akasema. “Watasema nilidanganya kwenye uchunguzi. Sasa hivi mwongo ni mmoja, unataka tuwe wawili? Niapie. Siku zote nitakazokuwa kazini, mdomo wako ufungwe.”

Nikaapa. Alichonitoza tangu mwaka ule wa barua ni hiki tu: kila tarehe 11 Machi niende kwake na unga, nisimame mlangoni nimlilie kwa sauti hadi majirani watoke. Nimemlilia mara ishirini na sita. Mkewe, Mama Astridah, hupika ugali na kisamvu cha karanga, anatengeneza kinywaji cha munkoyo ndoo mbili, na marehemu hukaa kwenye kiti chake akisahihisha kilio changu, kwamba hapa umekata pumzi mapema, rudia. Ukimwona anavyofurahi, huwezi kujua kuna kitu alikosa. Mimi najua. Nilimwona mwaka 1965 akifuta vumbi kiti cha Mkuu wa Vipindi kwa kiganja, kabla mwenye kiti hajafika, na sijamwambia hadi leo kwamba nilimwona.

Mama Elina alifariki mwaka 1968, safari hii kwa kweli na kwa uzee, na mwanawe mwenyewe alisoma tangazo lake bila kutaja sababu. Mjomba Paulo yungali hai, anakaribia miaka tisini, na kila masika hupelekewa kikapu cha viwavi kutoka Ndola. Ameacha tumbili.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, waliopo na waliotangulia, tunamshukuru Bwana Chilekwa kwa kutufundisha kwamba nyuma ya kila dakika ya ratiba kuna mtu ameketi karibu na sufuria yake akingoja. Tunamshukuru Mama Astridah kwa chakula alichokipasha moto mara nyingi. Tunawaombea wote wawili uzee mtamu huko Kapolyo, mihogo mingi, meno yaliyobaki yabaki.

Jambo la mwisho ni la kikazi. Niliapa kunyamaza siku zote atakazokuwa kazini. Kazi imekwisha leo saa sita mchana, na wasifu huu unagawiwa saa nane. Nimemwomba Mkurugenzi nakala moja iwekwe kwenye faili lake, juu ya barua ile, naye amekubali na kutia saini. Tangu lile jino, Karatasi ya Siku ya leo ndiyo ya kwanza kupita bila Bwana Chilekwa kuiona, nami naomba asiende kuitafuta, amechelewa. Saa kumi na robo, kwenye kipindi chake mwenyewe, pameandikwa swali moja na jina la mjibuji. Swali ni nani aliandika fomu ya tarehe 11 Machi 1953. Kilichoandikwa kinasomwa, mtani wangu, kanuni ni yako. Kaa karibu na redio na umwambie mjomba naye asikilize.

Ni mimi.